Kupika kahawa nzuri nyumbani, na kusafisha vyombo vyake kwa siki

Kwa karibu mwaka mzima niliisingizia buni kosa lisilokuwa lake. Shemeji yangu anayeishi Kibosho, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, alikuwa akinitumia kwa basi mfuko wa kahawa iliyokaangwa wiki hiyohiyo, na kila nilipoipika hapa Dar es Salaam ilitoka nzito, yenye uchungu wa majivu na harufu ya mafuta yaliyochacha. Nilibadilisha kiasi, nikabadilisha moto, nikafikia hata kumwambia kwa upole kwamba huenda mavuno ya mwaka ule hayakuwa mazuri. Hakubishana nami. Alisubiri nilipokwenda huko kwenye msiba, akanipikia kahawa ya mfuko uleule katika sufuria ya kawaida, nami nikanyamaza. Niliporudi nyumbani nilimulika tochi ndani ya chupa ya chai nikaona utando wa hudhurungi uliogandamana tangu mdomoni hadi chini, na ndani ya birika la umeme nikakuta gamba jeupe, nene kama ganda la yai.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kahawa ya nyumbani huharibiwa na chombo mara nyingi zaidi kuliko inavyoharibiwa na mpishi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na buni na kuishia kwenye siki, na msomaji ambaye tayari anajua kupika anaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye usafi, kwa kuwa huko ndiko nilikokosea mimi.

Kuchagua buni

Tanzania hulima kahawa za aina mbili. Arabika hutoka Kilimanjaro, Arusha, Mbinga, Mbozi, Kigoma na Tarime, nayo ina harufu nyingi na ukali mwepesi unaokaribia ule wa matunda. Robusta hutoka zaidi mkoani Kagera, nayo ni chungu zaidi, nzito zaidi kinywani, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika. Wahaya walikuwa na robusta yao muda mrefu kabla ya wamisionari kuleta arabika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, na kwa desturi yao buni haikuwa ya kunywa bali ya kutafuna: ilichemshwa pamoja na majani yenye harufu, ikakaushwa, kisha mgeni akakaribishwa kwa punje chache kiganjani.

Kwa kahawa ya kuchuja, inayonywewa bila viungo, chagua arabika. Kwa kahawa chungu ya pwani, ile ya vikombe vidogo, mchanganyiko wenye robusta kiasi haudhuru, kwa sababu tangawizi na hiliki huifunika harufu laini ya arabika na kinachotafutwa pale ni uzito na nguvu. Herufi zilizoandikwa kwenye mfuko zisikubabaishe. AA ni ukubwa wa punje tu, na PB ni buni ya punje moja, yaani tunda ambalo badala ya kuzaa mbegu mbili zilizobapa upande mmoja limezaa moja ya mviringo. Hiyo huiva sawasawa inapokaangwa, lakini si lazima iwe tamu kuliko nyingine. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni tarehe ya kukaangwa, kama imeandikwa. Buni nzima iliyokaangwa na kufungwa vizuri hudumu na ladha yake kwa wiki tatu hadi nne, ilhali iliyokwisha kusagwa huanza kupoteza harufu ndani ya siku chache.

Kukaanga mwenyewe

Si lazima ukaange mwenyewe, ila anayeweza kupata buni mbichi sokoni atapata kahawa bora kwa bei nafuu. Tumia kikaango kizito au chungu cha udongo, weka buni isiyozidi gramu 250 ili punje zisilaliane sana, na ufanye kazi hiyo uani au kibarazani kwa sababu moshi wake ni mwingi. Chambua kwanza punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kwa maana punje moja iliyooza inaweza kuitia harufu mbaya kahawa ya birika zima.

Moto uwe wa wastani, na mwiko usisimame. Baada ya dakika chache buni hugeuka kutoka kijani kuwa ya manjano na kutoa harufu ya nyasi, kisha harufu ya mkate, halafu huanza kupasuka kwa mlio unaofanana na wa bisi zinapoanza kuruka. Mlio huo wa kwanza ukitulia, buni tayari inafaa kwa kahawa ya kuchuja, ikiwa na rangi ya hudhurungi isiyong'aa. Ukiendelea kwa dakika mbili au tatu utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka zaidi, na mafuta yataanza kutokeza juu ya punje. Hicho ndicho kiwango cha kahawa chungu ya barazani. Zaidi ya hapo unapika makaa.

Mimina buni kwenye ungo papo hapo na uipepete, kwa sababu joto lililomo ndani ya punje huendelea kuikaanga hata ikiwa imeshaondolewa motoni, na kupepeta huondoa pia makapi mepesi. Usiifungie siku hiyohiyo katika chombo kisichopitisha hewa kabisa, kwa kuwa buni mpya hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa wingi na inaweza kufutua kifuniko. Iache siku moja katika chombo kilichofunikwa kwa wepesi, kisha uifunge. Ladha yake hutulia kuanzia siku ya pili au ya tatu.

Kusaga

Saga kiasi cha siku hiyo peke yake. Ukubwa wa chembe hufuata njia ya kupika: kwa jagi la plunja, yaani lile lenye kichujio cha kusukumwa chini kwa mkono, chembe ziwe kubwa kama chumvi ya mawe iliyopondwa, kwa kuchuja ziwe kama mchanga, na kwa kahawa ya birika ziwe laini, zikikaribia unga. Kinu na mchi hutosha kwa kahawa ya birika, mradi kinu hicho hakitumiki kwa vitunguu saumu. Mashine ndogo ya umeme ya kusagia viungo nayo inafaa, ila iendeshe kwa vipindi vya sekunde chache huku ukiitikisa, la sivyo nusu itakuwa vumbi na nusu vipande, na kahawa itatoka chungu na nyepesi kwa wakati mmoja.

Maji na joto lake

Sehemu kubwa kabisa ya kikombe cha kahawa ni maji, na hapa ndipo wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia visima virefu hupata taabu. Maji yenye chokaa nyingi huzima ule ukali mwepesi wa arabika, kwa sababu madini yake hupambana na asidi za kahawa, na kinachobaki hufanana na ladha ya udongo. Chokaa ni jambo moja na chumvi ni jambo jingine: maji ambayo ulimi unayaona kuwa ya chumvi hayarekebishwi kwa kuchemsha wala kwa kuchuja kwa kitambaa, hivyo kwa kahawa ni afadhali kutenga ndoo moja ya maji ya bomba au ya duka. Maji ya mvua nayo, kwa kukosa madini kabisa, hutoa kahawa iliyopooza. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima kisicho na chumvi, hukaa vizuri. Kama maji ya bomba yananuka dawa, yaache usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, yamefunikwa kwa kitambaa chepesi.

Joto linalofaa kwa kumwagia kahawa ni kati ya nyuzi 90 na 96 za sentigredi. Hapa mahali unapoishi pana maana yake. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo Tanga, Mombasa au Unguja ni lazima uyaache yatulie kwa nusu dakika hadi dakika moja. Kadiri unavyopanda mlimani, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja kila mita 300: Arusha maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95 na Mbeya karibu 94. Wakazi wa huko wamwage mara tu birika linapochemka.

Kupika

Kiasi cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Asiye na mizani achukue vijiko vya chakula kumi na viwili vilivyosawazishwa juu, au vitatu kwa kikombe kikubwa cha robo lita. Watu wengi hutia kijiko kimoja, kisha kahawa ikiwa nyepesi huiacha ichemke muda mrefu wakidhani itakolea. Haikolei, inazidi uchungu tu. Kinachotakiwa ni kuongeza kahawa, si muda.

Njia rahisi kuliko zote ni ya kuchuja kwa kitambaa. Shona mfuko mdogo wa pamba nyeupe isiyo na rangi wala nakshi, uuchemshe mara moja kabla ya kuutumia ili uondoke wanga wa dukani, uuvalishe kwenye mdomo wa jagi, na utie kahawa. Mwaga kwanza maji kidogo, kiasi cha kuilowesha yote, uhesabu hadi thelathini huku ikifura na kutoa mapovu, kisha mwaga yaliyobaki taratibu, kwa mzunguko, katika muda wa dakika tatu hivi. Mfuko huo usioshwe kwa sabuni yenye manukato kamwe. Uoshe kwa maji ya moto peke yake, uuchemshe mara moja kwa wiki, na ukianza kunuka uutupe.

Anayetumia jagi la plunja atie kahawa, amwage maji yote, akoroge, asubiri dakika nne, ashushe kichujio polepole, na amimine yote vikombeni wakati huohuo, kwa kuwa kahawa inayobaki juu ya machicha huendelea kukolea uchungu.

Kahawa ya birika inahitaji maelezo marefu zaidi, maana wengi huipika kwa mazoea. Chemsha lita moja ya maji pamoja na kipande cha tangawizi kavu kilichopondwa, punje tano za hiliki zilizopasuliwa, na ukipenda kijiti kifupi cha mdalasini au punje chache za pilipili manga. Viungo vichemke peke yake kwa dakika tano, kwa sababu vyenyewe vinahitaji kuchemka na kahawa haihitaji. Punguza moto, tia kahawa iliyosagwa laini, koroga mara moja. Ikifura hadi kukaribia mdomo wa birika, iinue, ikishuka, irudishe, ikifura mara ya pili, iondoe kabisa motoni. Nyunyiza juu yake kijiko kimoja cha maji baridi na uiache dakika tano ili mashapo yatue. Imimine bila kulitikisa birika, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, wala usitie sukari: utamu uje pembeni kwa kashata ya karanga au ya nazi, kwa halua, au kwa tende.

Wauza kahawa wa mitaani hufanikiwa kuiacha juu ya jiko la mkaa jioni nzima bila kuiharibu, na siri yao ni makaa machache yaliyofunikwa majivu, yanayolitia birika joto bila kuichemsha. Jiko la gesi la nyumbani halina moto mdogo kiasi hicho. Kwa hiyo kahawa isiyoisha itiwe katika chupa ya chai, inywewe ndani ya saa moja au mbili, na hapa ndipo tunaporudi kwenye ile chupa yangu.

Uchafu wa aina mbili

Chombo cha kahawa hupata uchafu wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza ni gamba jeupe linaloachwa na maji: maji yenye chokaa yakipashwa moto, madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake hugeuka kuwa kabonati ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki tena na hushikamana na chuma. Wa pili ni utando wa hudhurungi unaoachwa na kahawa yenyewe, ambao ni mafuta na rangi ya buni. Mafuta hayo huchacha baada ya siku chache na ndiyo yaliyokuwa yakinipa ile harufu.

Siki ni asidi, hivyo hulimaliza gamba la chokaa na haifui dafu mbele ya mafuta. Soda ya kuokea na sabuni ya vyombo huondoa mafuta, lakini haziligusi gamba. Mtu akishika tofauti hii moja hatapoteza siki wala muda. Nimewahi kuilaza chupa ya chai na siki siku mbili nzima nikishangaa kwa nini bado ni nyeusi.

Siki inayofaa ni nyeupe ya kawaida, ya kutiwa kwenye kachumbari, yenye asidi asetiki ya asilimia 4 hadi 6, kama kibandiko kitakavyoonyesha. Siki za rangi, zikiwemo za matunda, hufanya kazi ileile lakini huacha alama na utamu. Asidi asetiki kali inayouzwa kwa matumizi ya viwandani usiitumie jikoni, kwa sababu huunguza ngozi na macho.

Birika la umeme

Chemsha maji kiasi cha kufunika gamba, kwa kawaida nusu ya birika au pungufu, kisha lizime na uchomoe waya ukutani. Ndipo umimine siki ya kiasi sawa na maji hayo, taratibu, kwa sababu chokaa ikikutana na asidi hutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi na birika lililojaa litafurika hadi kwenye kitako chenye umeme. Fungua dirisha. Wapo wanaochemsha siki yenyewe ndani ya birika. Gamba linatoka, ila mvuke wake hukereka machoni na kifuani, na matokeo si bora kuliko haya.

Acha kifuniko wazi kwa dakika thelathini hadi saa moja, na uweke alama inayoonekana juu ya birika, kwa maana kwetu mgeni mmoja alishawahi kutengenezewa chai ya siki na kwa adabu yake akainywa hadi nusu. Mwaga, sugua sehemu zilizobaki kwa sifongo laini, na kama gamba lilikuwa la miaka, rudia mara ya pili badala ya kulikwangua kwa kisu. Suuza mara mbili, kisha chemsha maji matupu na uyamwage, na ufanye hivyo tena. Kwa maji ya kisima cha Dar es Salaam mimi hurudia kazi hii kila mwezi. Mwenye maji laini anaweza kukaa miezi minne.

Siki ikikosekana, maji ya ndimu nne au tano katika nusu lita ya maji hufanya kazi hiyohiyo, na jikoni huacha harufu nzuri zaidi. Mwenye mashine ya kahawa ya umeme, ile yenye mabomba na pampu ndani, asome kwanza kijitabu chake, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hukataza siki kwa sababu ya mipira iliyomo.

Chupa ya chai na jagi la plunja

Hapa anza na mafuta. Tia vijiko viwili vya chakula vya soda ya kuokea ndani ya chupa ya lita moja, jaza maji ya moto, acha mdomo wazi kwa saa moja, mwaga, na usugue kwa brashi ya chupa. Kama chupa ni ya kioo ndani na brashi haifiki, tia gao la mchele mkavu na maji ya uvuguvugu kidogo, uitikise kwa upole. Punje za mchele husugua bila kukwaruza. Chupa ikiwa imetoa rangi ya hudhurungi yote, isuuze, na kama bado unaona ukungu mweupe ndani yake, sasa ndipo utie siki iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, kwa nusu saa, tena bila kuifunga kizibo, kwa kuwa gesi itakayotoka inahitaji pa kupita. Kizibo na mpira wake vioshwe kando kwa sabuni, maana mpira ndio hubaki na harufu baada ya vyote kusafishwa. Chupa ilale wazi hadi ikauke. Na kama nyumba ina uwezo wa kuwa na chupa mbili, moja iwe ya kahawa tu, isiingie chai ya maziwa.

Jagi la plunja lifunguliwe kichujio chake chote, sahani zote tatu, na ziloweshwe kwenye maji ya moto yenye soda. Asiyewahi kuzifungua ajiandae kwa atakachokikuta kati ya sahani hizo.

Pasipofaa siki

Birika za shaba na midila, yale mabirika ya kahawa ya kizamani yanayorithiwa katika nyumba nyingi za Unguja, Lamu na Mombasa, visilazwe na siki ndani. Asidi huyeyusha shaba na kuzalisha ile kutu ya kijani ambayo ni sumu, na ikiwa chombo kimetiwa bati kwa ndani, siki hulila bati hilo pole pole. Nje unaweza kupaka siki au ndimu pamoja na chumvi kwa kitambaa, usugue upesi, usuuze papo hapo na ukaushe.

Sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi jikoni mwetu, huvumilia siki iliyochanganywa na maji mengi kwa dakika chache, na hata hung'aa, lakini zikilazwa usiku kucha huchimbika vitundu vidogo. Soda na magadi nazo huzigeuza kuwa nyeusi. Kwa birika la alumini tumia sabuni, maji ya moto na uvumilivu. Chuma kisichopakwa rangi hushika kutu kikiguswa na siki.

Sakafu ya terazo na ya marumaru, pamoja na kuta zilizopakwa chokaa, zina kabonati ya kalsiamu ileile iliyomo katika gamba la birika, kwa hiyo siki itazila kwa namna ileile na kuziacha zimefifia pasipoweza kurudishwa. Tone likianguka, lifute kwa maji mara moja.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao ni hatari kwa uhai: siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu hata kwa kiasi kidogo, na bafuni kusiko na dirisha madhara yake ni ya haraka. Hii ina maana pia kwamba sehemu iliyosafishwa kwa dawa hiyo isuuzwe kwa maji mengi kabla siki haijaifikia. Ikitokea bahati mbaya, toka nje kwanza, usafi utasubiri.

Mchanganyiko wa siki na soda, unaosifiwa sana mitandaoni kwa sababu ya mapovu yake, hauna hatari hiyo ila hauna faida kubwa pia. Asidi na alikali hubatilishana, na baada ya povu kutulia unabaki na maji yenye chumvi hafifu isiyosafisha chochote cha maana. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

Siki inayobaki ina kazi nyingine ndani ya nyumba. Sehemu moja ya siki kwa nne za maji husafisha vioo vya madirisha vikifutwa kwa gazeti kuukuu, na huondoa harufu ndani ya friji. Bomba la mvua lililoziba kwa chokaa livalishwe mfuko wa plastiki wenye siki, ufungwe kwa kamba, uachwe saa moja. Isichukuliwe, hata hivyo, kuwa dawa ya kuua vijidudu: ubao uliokatiwa nyama mbichi na choo vinahitaji sabuni na dawa inayofaa.

Kabla ya kupika tena

Birika likiwa limesuuzwa, chemsha maji matupu kikombe kimoja, yamimine katika chupa iliyosafishwa, uifunge kwa dakika kumi, kisha uyanywe. Yakiwa na ukali wa siki, suuza tena. Yakiwa na harufu ya kahawa ya zamani, rudia soda na uangalie mpira wa kizibo. Yakiwa ni maji tu, saga buni.